Watoto watatu, miezi mitatu tofauti: theluji ya kwanza huanguka lini?

SWALI: Nina watoto watatu Marekani, au niseme wawili na nusu. Wa kwanza anaendesha lori akikaa Denver, wa pili ni muuguzi New York, na kitinda mimba wangu anakwenda kusoma Minneapolis mwezi Agosti. Nimewauliza theluji ya kwanza huanguka lini ili nijue nimtumie mdogo hela ya koti mapema au nisubiri. Wa Denver anasema Oktoba. Wa New York anasema kuna mwaka alisubiri mpaka Februari. Huko Minneapolis wanafunzi wenzake wanamwambia Novemba, na wengine wanamtisha kwamba huanza sikukuu ya Halloween, mwisho wa Oktoba. Nimetazama ramani, Denver na New York ziko karibu mstari mmoja. Nani kati yao hajui anachosema? (Mama wa watatu, Mwanza)

JIBU: Shikamoo mama. Wanao wote wanajua wanachosema. Kila mmoja anajibu kwa mji wake, na tena kila mmoja ana maana yake anaposema "theluji ya kwanza". Maneno hayo yanabeba mambo matatu ambayo hayaji siku moja.

Jambo lenyewe unalijua tayari kwa upande wa mvua. Mtu akikuuliza vuli inaanza lini Mwanza, utamjibu nini? Mwishoni mwa Septemba yanaweza kuja manyunyu asubuhi, yakatuliza vumbi, na kabla ya adhuhuri jua likawa limekausha kila kitu. Oktoba inaweza kunyesha siku mbili ikakatika wiki nzima. Halafu ipo ile ambayo mkulima wa Magu au Sengerema akiiona anatoa mbegu ndani, kwa sababu anaona udongo umeshiba na mawingu hayajaondoka. Aliyepanda kwa manyunyu ya Septemba amepoteza mbegu. Hata Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotangaza mwanzo wa msimu, haihesabu tone la kwanza.

Theluji iko hivyohivyo. Kuna chembe za kwanza: zinapepea mbele ya taa za barabarani, watu wanatoa simu wapige picha, zikigusa lami zinayeyuka. Kuna theluji ya kwanza ya kupimika, ambayo ndiyo huandikwa kwenye daftari za vituo vya hali ya hewa. Na kuna theluji ya kwanza inayokaa, ile inayolala usiku, ikakutwa asubuhi, na siku inayofuata bado ipo. Kwa mtu anayenunua koti na viatu, hii ya tatu ndiyo yenye uzito. Kwa dereva, ni ya pili. Ya kwanza ni ya kumpigia mama simu.

(Niseme neno moja hapa. Vitabu vingi vya Kiswahili huyaita majira yao ya majani kupukutika "vuli". Sijawahi kuyapenda matumizi hayo. Msomaji wa Mwanza akisoma kwamba "theluji huanza mwishoni mwa vuli" atafikiria Desemba yenye matope na mahindi machanga, wakati mwandishi alikuwa anazungumzia Oktoba kavu yenye majani mekundu. Katika jibu hili vuli ni vuli yetu.)

Kwanza niseme wanavyopima. Huduma ya taifa ya hali ya hewa ya Marekani huhesabu theluji kuwa ya kupimika ikifikia sehemu moja ya kumi ya inchi, yaani milimita 2.5. Chini ya hapo huandikwa tu kwamba imeonekana. Mpimaji hulaza ubao mweupe mahali pa wazi, theluji ikianguka anasimamisha rula juu yake. Mwaka wa theluji kwao huanza Julai 1 na kuisha Juni 30, ili majira moja ya baridi yasikatwe vipande viwili na Januari. Na mahali ubao ulipo ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Theluji rasmi ya New York ni ile inayoanguka ndani ya bustani ya Central Park. Ya Chicago, tangu 1980, ni ya uwanja wa ndege wa O'Hare, ambao uko mbali na ziwa Michigan. Kwa hiyo mtu anayekaa ufukweni Chicago anaweza kuwa anaona mvua tupu siku ambayo redio inatangaza theluji ya kwanza ya mwaka, na wote wawili wako sawa. Waingereza nao wana kipimo chao cha kutangaza Krismasi nyeupe: chembe moja tu ikionekana ikianguka ndani ya saa 24 za Desemba 25, inatosha. Ukisikia tarehe ya theluji ya kwanza ya mahali popote, uliza kwanza imehesabiwaje.

Sasa nije kwenye ramani yako, maana umeisoma vizuri. Denver iko latitudo 39.7 Kaskazini na New York 40.8. Kwa jua wanalopata ni majirani. Lakini wastani wa theluji ya kwanza ya kupimika Denver ni takriban Oktoba 18, na New York ni katikati ya Desemba. Karibu miezi miwili inawatenganisha watu walio kwenye mstari mmoja.

Tofauti ya kwanza ni mwinuko. Denver imekaa mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, sawa na kusema iko chini kidogo ya Nairobi. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kila unapopanda mita 1,000, na ndiyo sababu watu wa Njombe mwezi Juni wako ndani ya masweta wakati wewe Mwanza khanga inakutosha. New York iko usawa wa bahari kabisa.

Tofauti ya pili ni bahari yenyewe. Maji hupata joto polepole na huliachia polepole. Mwezi Novemba Atlantiki bado inatoa joto ililojiwekea tangu Agosti, na upepo ukivuma kutoka huko kuingia mjini, kile ambacho juu mawinguni kilikuwa theluji hufika chini kikiwa mvua. Watu wa New York wanaijua sana mvua ya namna hiyo: baridi, ya kukera, nyuzi 3 au 4, na kilomita mia moja bara ndani wenzao wanasukuma theluji kwa makoleo. Denver haina bahari ya kuipasha. Hewa ya Canada ikiamua kushuka kusini kwenye tambarare, hakuna kitu cha kuizuia njiani.

Ya tatu ni ukavu wa hewa, na hii watu wengi hawaifikirii. Unaukumbuka mtungi wa udongo wa maji ya kunywa? Maji yanapita kwenye vinyweleo vyake, yanakauka nje, na yakikauka yanachukua joto, kwa hiyo ya ndani yanabaki baridi. Theluji inayoanguka ndani ya hewa kavu hufanya kazi hiyohiyo: chembe za mbele zinageuka mvuke, zinapoza hewa, na zinazofuata zinapita salama. Ndiyo maana Denver theluji inaweza kufika chini hata kipimajoto kikiwa kinaonyesha nyuzi 2 au 3 juu ya sifuri. Kwenye hewa yenye unyevu mwingi, joto hilohilo lingeleta mvua.

Kijana wako wa lori anajua pia kwamba theluji ya Denver haiji kutoka upande wa milima kama wageni wanavyodhani. Mara nyingi huletwa na upepo wa mashariki unaosukuma unyevu kupanda mteremko kuelekea milima ya Rocky, hewa inapanda, inapoa, inamwaga. Ni kama Usambara inavyoukamua upepo wa bahari ya Hindi, ila huku kinachotoka ni cheupe.

Lakini mama, hiyo Oktoba 18 usiishike kama tarehe ya harusi. Ni wastani wa kumbukumbu zilizoanza mwaka 1882, na ndani yake kuna mambo yaliyotawanyika sana. Mwaka 1961 theluji ya kwanza ya Denver iliandikwa Septemba 3. Mwaka 2021 watu walisubiri mpaka Desemba 10. Hiyo ni zaidi ya miezi mitatu kati ya mwaka na mwaka, mji uleule. Mwaka 2020 ulikuwa wa ajabu zaidi: Septemba 5 joto lilifika nyuzi 38, na Septemba 8 theluji ikaanguka. Siku tatu! Watu walilala na feni wakaamka wanatafuta masweta. Halafu jua la Denver lina nguvu, theluji ya Oktoba mara nyingi haimalizi siku mbili, na kihistoria mwezi wao wenye theluji nyingi ni Machi. Kwa hiyo mwanao akikwambia "imeanguka", usimwazie amefunikwa mpaka miezi sita ipite. Yeye kazi yake ni milimani, na huko ni habari nyingine. Sheria ya Colorado inayodai magari yawe na tairi zinazoshika theluji kwenye barabara ya I-70 ya milimani inaanza kutumika Septemba 1 na kuisha Mei 31. Serikali ikihesabu miezi tisa, dereva naye ahesabu tisa.

New York sitakaa sana, nimeshaeleza bahari. Ila muuguzi wako hakutia chumvi hata kidogo. Katika majira ya 2022 hadi 2023, theluji ya kwanza ya kupimika Central Park ilikuja Februari 1, 2023, na haijawahi kuchelewa hivyo tangu waanze kuandika mwaka 1869. Tena ilikuwa sentimita moja tu. Mji ukapita siku 701 mfululizo bila kupata walau inchi moja ya theluji kwa siku, mpaka Januari 2024. Upande wa pili, Oktoba 29, 2011, Central Park ilipata zaidi ya sentimita 7 wakati miti bado ina majani yake yote. Hilo ndilo huifanya theluji ya mapema kuwa mbaya. Mti uliopukutika unapitisha theluji kati ya matawi. Mti wenye majani unaikinga yote, unaibeba, na theluji ya Oktoba ni nzito kwa maji. Matawi yalivunjika juu ya nyaya, na nyumba zaidi ya milioni tatu katika majimbo ya kaskazini mashariki zilikosa umeme, nyingine kwa siku kadhaa.

Sasa kitinda mimba wetu na Minneapolis yake. Hapa hakuna mlima wa maana wala bahari. Mji uko katikati ya bara kubwa, latitudo 45, mlango wake wa kaskazini uko wazi kwa Canada. Theluji ya kwanza ya kupimika huja kwa wastani mwanzoni mwa Novemba, na ile ya kufikia inchi moja kwa siku huja wiki mbili hivi baadaye. Wenzake waliomwambia Novemba wamemwambia vizuri.

Na hao wa Halloween? Wanasimulia kitu cha kweli. Mwaka 1991 theluji ilianza kuanguka Oktoba 31 mchana, watoto wakiwa wanajiandaa kwenda mlango kwa mlango kuomba pipi, na haikukatika mpaka Novemba 3. Minneapolis na Saint Paul zilipata sentimita 72. Duluth, kaskazini kwenye ziwa Superior, ilipata 94. Kila mtu aliyekuwa mtoto Minnesota mwaka ule ana hadithi ya vazi la sikukuu lililovaliwa ndani ya koti, na wanawasimulia wageni kila mwaka kama sisi tunavyosimuliana El Niño ya 1997. Haimaanishi kila Halloween ni hivyo.

Nilipofika Minnesota mara ya kwanza nilikuwa na wasiwasi uleule wako, nikihesabu siku za theluji, na nikakosea mahali pa kuweka wasiwasi. Theluji ilipokuja nilikuwa nimeshapigwa na baridi ya mwezi mzima. Baridi hutangulia. Jalidi, ule utando mweupe wa barafu juu ya majani asubuhi, huanza kuonekana kule mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, na upepo wa Oktoba ukipita kwenye kituo cha basi unamjua mtu aliyetoka Mwanza. Januari wastani wa mchana na usiku ukiunganishwa ni takriban nyuzi 9 chini ya sifuri, na zipo nyakati usiku unashuka kupita nyuzi 25 chini ya sifuri. Tena wao watakutajia kwa Farenhaiti: wakisema thelathini na mbili usidhani ni joto la Mwanza, hapo ndipo maji yanapoganda. Tofauti na Denver, theluji ya Minneapolis ikishakaa, miaka mingi inakaa kweli. Inarundikwa kando ya maegesho, inageuka kijivu, inaganda kama jiwe, na marundo mengine yanaonekana mpaka Aprili.

Nikuombe radhi niingize mji ambao hukuuuliza, kwa sababu wewe ni mtu wa ziwani na hutapata shida kuuelewa. Unajua Bukoba inavyonyesha. Mwanza inapata takriban nusu ya mvua inayopata Bukoba kwa mwaka, na ziwa ni moja. Upepo wa mashariki unavuka maji usiku, unakusanya unyevu njiani, na ukifika ng'ambo unaumwagia mkoa wa Kagera. Sasa chukua ziwa Erie, liweke mji wa Buffalo upande ambao upepo unaelekea, na badala ya upepo wetu wa vuguvugu weka hewa ya Canada yenye baridi kali mwezi Novemba. Maji ya ziwa bado yana joto la majira yaliyopita. Hewa inapita juu yake, inakunywa mvuke, inapanda, na ikifika nchi kavu inashusha theluji kwenye ukanda mwembamba kama mkeka uliokunjuliwa. Nje ya mkeka, jua linawaka. Mwezi Novemba 2022 Orchard Park, kitongoji cha kusini mwa Buffalo, ilipata takriban mita mbili za theluji kwa siku chache, wakati vitongoji vya kaskazini vya mji huohuo vilipata sehemu ndogo tu ya hiyo. Ziwa Erie lina kina kidogo, na majira yakiwa ya baridi kali huganda juu. Likishaganda linakuwa kama sufuria iliyofunikwa, mvuke hautoki, na theluji hizo zinapungua. Kwa hiyo Buffalo hatari yake kubwa inaweza kuwa hiyohiyo ya mwanzo wa msimu. Kijana wako akipangiwa mzigo wa kwenda huko Novemba, aangalie upepo unaelekea wapi kabla ya kuangalia joto ni ngapi.

Kwingineko nipite haraka. Alaska ndiyo hutangulia: Fairbanks mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, Anchorage katikati ya Oktoba. Calgary kule Canada imeshapata theluji katika kila mwezi wa mwaka, Julai ikiwemo. Toronto, walipo watu wetu wengi, kwa kawaida ni Novemba. Chicago ni katikati ya Novemba, ingawa mwaka 2021 ilichelewa mpaka Desemba 28. Ukishuka kusini mpaka ghuba ya Mexico, swali la tarehe linakosa maana, kwa sababu miaka inapita bila kitu. Lakini Januari 21, 2025, New Orleans ilipata takriban sentimita 20 kwa siku moja, na watu wakateleza barabarani juu ya masanduku ya plastiki.

Ulaya inaonyesha vizuri kwamba ramani peke yake haisemi. London iko kaskazini zaidi kuliko Winnipeg ya Canada. Winnipeg Novemba imeshakuwa nyeupe, na London inaweza kupitisha majira yote bila theluji ya kulala, kwa sababu upepo wake mwingi unatoka kwenye bahari isiyoganda. Wafini, ambao wameishi na kitu hiki, wana neno lao la theluji ya kwanza, na wataalamu wao huitenga kabisa na siku theluji ya kudumu inapoanza. Helsinki ya kwanza huja mara nyingi Novemba, ya kudumu inaweza kungoja mpaka Krismasi ipite.

Wajapani ndio ninaowapenda kwa uangalifu wao. Ofisi ya hali ya hewa ya mji wa Kofu hutangaza rasmi siku kilele cha mlima Fuji kinapoonekana cheupe kwa mara ya kwanza, na wamefanya hivyo tangu 1894. Wastani ni Oktoba 2. Mwaka 2024 ilikuwa Novemba 7, na hapajawahi kuchelewa hivyo katika miaka yote 130. Kaskazini kwao, Hokkaido, watu wanatazama wadudu wadogo wenye manyoya meupe kama pamba wanaopeperuka mwishoni mwa Oktoba. Wakionekana, wenyeji wanasema theluji imekaribia. Sapporo huipata karibu na tarehe hizo au mwanzoni mwa Novemba, Tokyo kwa wastani mwanzoni mwa Januari.

Kusini mwa ikweta mambo yamegeuka. Lesotho theluji yake huja kati ya Mei na Septemba, na Johannesburg, ambayo huiona mara chache, iliipata Agosti 2012 na tena Julai 2023. Hata ndugu zetu walioko Oman wana mahali pa kuitafuta: kilele cha Jebel Shams, chenye mita zipatazo 3,000, hupata theluji baadhi ya miaka kati ya Desemba na Februari.

Na kwetu? Kilimanjaro haina theluji ya kwanza, kwa sababu haina majira ya baridi. Juu ya Kibo kila usiku ni baridi na kila mchana ni jua kali. Kinachobadilika ni unyevu. Kwa hiyo theluji ya kule hufuata kalenda yako ya mkulima: hushuka zaidi wakati wa vuli na wakati wa masika, na mlima huonekana mweupe zaidi baada ya mvua kuliko Julai penye baridi. Mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alipouona Mei 11, 1848, alimuuliza kiongozi wake ule weupe ni nini. Yule mtu hakuwa na jina la kitu hicho. Alimjibu tu kwamba ni "baridi". Mabingwa wa jiografia London walibishana miaka kwamba theluji haiwezi kuwepo karibu na ikweta, wakati msafiri wa Kiswahili alikuwa ameshaliweka jambo katika neno moja lililo sahihi. Chini ya vilele hivyo tunachopata sisi ni mvua ya mawe. Mwaka 2008 karibu na Nyahururu, Kenya, ilianguka nyingi ikafunika mteremko mzima, watu wakaamini ni theluji na wakaishika kwa mikono. Ilikuwa mawe madogo ya barafu yaliyogandana. Theluji huzaliwa chembe kwa chembe kutokana na mvuke ndani ya wingu lenye baridi. Mvua ya mawe ni matone yanayorushwa juu na chini ndani ya wingu la radi mpaka yanaganda.

Utaniuliza kama siku hizi inachelewa. Mahali pengi, ndiyo. Denver, Chicago, New York na Fuji niliokutajia wote wameweka rekodi za kuchelewa tangu 2021, wala sioni kuwa ni bahati. Lakini kuchelewa si kupungua: ziwa lenye joto zaidi mwezi Novemba lina mvuke zaidi wa kutoa, na hewa baridi ikilifikia siku hiyo moja inaweza kuwa ya kutisha. Tena kuna El Niño. Ikiwa kali, ile inayotujazia vuli, majimbo ya kaskazini ya Marekani mara nyingi hupata majira mepesi. Desemba 2023, mwezi uleule wa maporomoko ya Katesh kule Hanang, Minneapolis ilisherehekea Krismasi kwa mvua na nyuzi zaidi ya 10 juu ya sifuri. Kwa hiyo ukisikia vuli inatabiriwa kuwa kubwa sana kwetu, usishangae kitinda mimba akikwambia theluji haionekani. Si lazima, ila huwa hivyo.

Sasa hela ya koti. Usisubiri theluji. Hela imfikie mwishoni mwa Septemba ili ifikapo katikati ya Oktoba awe nalo. Usimnunulie Mwanza, hata kama pale soko la Mlango Mmoja kuna majaketi mazuri yaliyotoka hukohuko. Majaketi hayo mengi ni ya nyuzi 5, na yeye anahitaji la nyuzi 20 chini. Kule kuna maduka ya mitumba, tena mitumba inayouzwa na watu wanaojua baridi yao, na bei ni nafuu kabla ya Novemba. Achague koti linalofunika makalio na lenye kofia, lisilopitisha upepo, na kubwa kiasi cha kuvaa sweta ndani. Kama fedha ni chache, aanze na buti. Buti ziwe za kuzuia maji, zenye soli iliyochongwa, na apime akiwa amevaa soksi nzito. Wageni wengi huanguka katika zile siku za kwanza, theluji inapoyeyuka mchana na kuganda tena usiku kuwa utando wa barafu usioonekana juu ya njia. Atembee kwa hatua fupi, mikono nje ya mifuko.

Yule wa lori hahitaji ushauri wangu wa mavazi. Mwambie tu kwamba theluji ya kwanza, hata ya sentimita mbili, huleta ajali nyingi kwa sababu kila dereva ameshasahau mwaka jana aliendeshaje. Siku hiyo aache nafasi kubwa mbele, na awe mwangalifu zaidi juu ya madaraja, ambayo huganda kabla ya barabara kwa kuwa hewa baridi inapita juu na chini yake.

Jambo la mwisho ni la simu. Wamarekani hurudisha saa zao nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, karibu na siku ambazo Minneapolis huipata theluji yake. Kabla ya Jumapili hiyo wewe umemtangulia mwanao kwa saa nane, baada yake ni saa tisa. Chembe zikianza kuanguka saa tatu usiku kwake, kwako Mwanza itakuwa saa kumi na mbili asubuhi, umeshaamka, na unaweza kupokea.